Istilahi za Mwili kwa Wahudumu wa Dharura wa Kwanza: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Ukurasa huu umeandaliwa kwa ajili ya wale wanaomfikia majeruhi au mgonjwa kabla ya daktari jijini Dar es Salaam: waendesha bodaboda waliopata mafunzo, walinzi wa viwandani, waokoaji wa ufukweni, makondakta wa daladala na wanaoanza kazi kwenye gari la wagonjwa. Majibu yanaeleza maneno ya mwili na namna mwili unavyofanya kazi. Hayachukui nafasi ya mafunzo ya vitendo.

## Kutaja mahali kwenye mwili

Kwa nini nihangaike na majina ya viungo ilhali kazi yangu ni kuzuia damu na kumfikisha mtu hospitali?

Kwa sababu maneno yako ndiyo yanayoamua nini kitaandaliwa kabla hujafika. Mtu anayepiga simu kutoka Ubungo na kusema "kaumia vibaya mguu" hajampa anayempokea kitu cha kufanyia kazi. Akisema "paja la kulia limevimba na limepinda katikati, mguu huo umekuwa mfupi kuliko mwenzake, na wayo ni wa baridi", ameshaeleza mfupa uliovunjika, damu inayovujia ndani na mzunguko wa damu ulioathirika, bila kutumia neno hata moja la kitabibu.

Istilahi ina faida pale inapofupisha maelezo bila kupoteza maana. Usipokuwa na uhakika nayo, eleza ulichokiona kwa Kiswahili cha kawaida, kwa kuwa neno zito lililotumiwa visivyo huaminiwa na anayelisikia, na humpeleka pasipo.

Ninaposema kulia au kushoto, ni kwa upande wa nani?

Ni kwa upande wa mgonjwa, siku zote, hata kama umesimama mbele yake na mkono wake wa kulia uko kushoto kwako. Vivyo hivyo, "juu" ni kuelekea kichwani na "chini" ni kuelekea miguuni, hata mgonjwa akiwa amelala chali au ananing'inia kwenye mkanda wa gari lililopinduka. Kwa mikono na miguu, njia iliyo salama ni kutaja kiungo cha karibu na umbali wake: "vidole vinne chini ya goti, upande wa ndani."

Mgonjwa anasema "mshipa unaniuma". Niandike nini?

Usiandike "mshipa" peke yake. Katika mazungumzo ya kila siku neno hilo hubeba mambo mengi: mrija wa damu, neva, kano inayounganisha msuli na mfupa, na hata ngiri iliyoshuka kwenye kinena. Mwombe aweke kidole anapoumia, kisha uandike mahali na aina ya maumivu. Wewe mwenyewe utumie maneno yanayotofautisha: ateri ni mrija unaotoa damu kwenye moyo, vena ni mrija unaorudisha damu kwenye moyo, na neva ni njia ya kupitishia taarifa kati ya ubongo na mwili.

"Chembe ya moyo" ni moyo?

Hapana. Ni sehemu ya juu ya tumbo, katikati, chini tu ya ncha ya mfupa wa kidari. Nyuma yake kuna tumbo la chakula, sehemu ya ini na kongosho. Moyo wenyewe uko juu zaidi, ndani ya kifua, nyuma ya kidari na ukiegemea kushoto.

Hata hivyo, usimrudishe nyumbani mtu anayelalamikia chembe ya moyo ukidhani ni vidonda vya tumbo. Maumivu ya shambulio la moyo huweza kusikika hapo hapo, au kwenye taya, au kwenye mkono, hasa wa kushoto. Wazee, wanawake na wenye kisukari huweza wasiwe na yale maumivu makali ya kifua yanayotarajiwa. Wengine huonyesha jasho la baridi, kichefuchefu na uchovu wa ghafla tu. Mtu mzima mwenye dalili hizo achukuliwe kuwa mgonjwa wa moyo mpaka hospitali ithibitishe vinginevyo.

Kiuno na nyonga vinatofautianaje?

Kiuno ni sehemu ya chini ya mgongo, kati ya mbavu na nyonga. Nyonga ni pete ya mifupa inayobeba kiwiliwili na kuungana na mapaja. Nyonga iliyovunjika huweza kumwaga damu nyingi ndani bila tone moja kuonekana nje, kwa hiyo usiibinyebinye wala kuitikisa ili "kuhakikisha". Kudhania kwamba imevunjika na kuifunga kwa uangalifu ni bora kuliko uchunguzi unaoongeza kuvuja.

## Njia ya hewa na pumzi

Njia ya hewa ni ipi hasa?

Inaanzia puani na mdomoni, inapita kooni, kisha kwenye zoloto, yaani lile boksi la sauti linaloonekana kama uvimbe mgumu mbele ya shingo, halafu inaingia kwenye bomba la hewa linalogawanyika kwenda mapafu mawili. Pafu la kulia lina sehemu tatu na la kushoto mbili, kwa kuwa moyo umechukua nafasi yake upande huo. Nyuma ya bomba la hewa kuna umio, ambao ni njia ya chakula. Kifuniko kidogo juu ya zoloto huzuia chakula kisiingie njia ya hewa, lakini kinga hiyo hudhoofika mtu anapopoteza fahamu, na matapishi huweza kuingia mapafuni. Ndiyo maana asiye na fahamu lakini anayepumua vizuri hulazwa ubavu, isipokuwa pale jeraha la shingo linapohitaji utaratibu mwingine.

Majeruhi anakoroma na watu wanasema "mwacheni apumzike". Wako sahihi?

Hawako sahihi. Mtu aliyegongwa na kupoteza fahamu halali usingizi; misuli yake imelegea, na ulimi, ambao nao ni msuli, umeangukia nyuma ya koo. Koromo lile ni hewa inayojipenyeza kwenye nafasi finyu. Inua kidevu na kuinamisha kichwa nyuma kidogo, au kama unashuku jeraha la shingo, sukuma taya mbele kwa vidole bila kuinamisha kichwa. Mara nyingi sauti hukoma papo hapo, na hilo ni jibu tosha kwa waliokuzunguka.

Sauti nyingine zina maana yake. Mbubujiko ni majimaji au damu kooni. Mluzi wakati wa kutoa pumzi ni njia ndogo za hewa zilizobana, kama kwenye pumu. Mkwaruzo mkali wakati wa kuvuta pumzi unaonyesha kuziba kwa juu, karibu na zoloto. Ukimya wa mtu aliyekuwa akikoroma ndio unaotisha kuliko zote.

Pumzi ngapi kwa dakika ni za kawaida?

Kwa mtu mzima aliyetulia ni 12 hadi 20. Kwa mtoto, pumzi huhesabiwa kuwa za haraka zikifika 60 au zaidi kabla ya miezi miwili, 50 au zaidi kuanzia miezi miwili hadi kabla ya mwaka mmoja, na 40 au zaidi kuanzia mwaka mmoja hadi miaka mitano. Hesabu bila kumwambia mgonjwa, kwa kuwa anayejua kuwa anahesabiwa hubadilisha pumzi zake.

Idadi peke yake haitoshi. Tazama kina cha pumzi, kama pande zote mbili za kifua zinapanda sawasawa, kama nafasi kati ya mbavu zinabonyea, na kama anaweza kumaliza sentensi. Anayeweza kusema maneno mawili tu kabla ya kuvuta tena pumzi yuko hatarini hata kama hesabu yake haishangazi.

Kiwambo ni nini, na kwa nini kisu chini ya titi ni jeraha la tumbo pia?

Kiwambo ni msuli mpana unaotenganisha kifua na tumbo, na ndio unaofanya sehemu kubwa ya kazi ya kupumua: ukishuka, hewa huingia, ukipanda, hewa hutoka. Watu wengi hudhani mpaka wa kifua na tumbo uko kwenye mbavu za mwisho. Ukweli ni kwamba mtu anapotoa pumzi yote, kiwambo hupanda hadi karibu usawa wa chuchu, na ini na wengu hupanda nacho. Kwa hiyo jeraha la ncha kali chini ya usawa huo lihesabiwe kuwa limegusa kifua na tumbo vyote.

Upande mmoja wa kifua usipopanda na hali ikazidi kuwa mbaya, huenda hewa imeingia kati ya pafu na ukuta wa kifua na inalikandamiza pafu. Taja upande, taja muda ulipoanza kuliona, na usisubiri vena za shingo zivimbe ndipo useme ni dharura.

## Moyo, damu na shoku

Nitajuaje kama damu inatoka kwenye ateri au vena?

Damu ya ateri ni nyekundu ya kung'aa na hutoka kwa kuruka kulingana na mapigo. Ya vena ni nyekundu iliyokoza na hutiririka mfululizo. Ya vijirija vidogo vya ngozi huchuruzika polepole. Shinikizo likishashuka sana, hata ateri huacha kuruka, kwa hiyo usitulie kwa sababu damu "imepungua kasi". Kinachofuata ni kilekile kwa aina zote: kandamiza moja kwa moja kwa nguvu, na kwenye mkono au mguu usiokoma kuvuja, tumia mkanda wa kukaza upande wa juu wa jeraha, kati yake na kiwiliwili, si juu ya jeraha lenyewe, na uandike saa ulipoufunga.

Damu ngapi ikipotea ni nyingi?

Mtu mzima ana takriban lita 5. Mtoto wa kilo 10 ana takriban mililita 800 tu, kwa hiyo kikombe kimoja cha chai kilichomwagika sakafuni ni karibu robo ya damu yake yote. Mfupa wa paja uliovunjika huweza kuvujisha lita moja hadi moja na nusu ndani ya misuli, ngozi ikiwa haijapasuka. Kifua, tumbo na nyonga huweza kuficha kiasi kikubwa zaidi. Dimbwi unaloliona kwenye lami ya Barabara ya Morogoro ni sehemu tu ya hesabu.

Shoku ni sawa na mshtuko wa kuogopa?

Si sawa, na mkanganyiko huu ndio unaogharimu muda mwingi kuliko yote yaliyomo katika ukurasa huu. Jamaa wa mgonjwa wakisema "ameshtuka tu, mpeni maji", wanazungumzia hofu. Shoku ni hali ambayo damu haifikishi oksijeni ya kutosha kwenye viungo, iwe kwa sababu damu imepotea, moyo umeshindwa kusukuma, mirija ya damu imelegea kutokana na maambukizi au mzio mkali, au kitu kinazuia damu isirudi kwenye moyo.

Mwili hupigana kwanza. Moyo hukimbia, pumzi huongezeka, na mirija ya damu ya ngozi hubana ili damu ibaki kwa ubongo na moyo; ndiyo sababu ngozi huwa baridi na yenye jasho, na kiu huja. Katika hatua hiyo kipimo cha presha huweza kusoma vizuri kabisa. Kwa mtu mzima mwenye afya, presha huweza isishuke waziwazi mpaka karibu asilimia 30 ya damu iwe imepotea. Anayesubiri presha ishuke ndipo aamini kuna shoku ameshachelewa. Amini mapigo yanayopanda, ngozi ya baridi, na mtu aliyekuwa akijibu vizuri ambaye sasa hana utulivu au anaanza kusinzia. Maji ya kunywa asipewe.

Kwenye ngozi nyeusi nitaonaje weupe au ubuluu?

Maelezo ya "amepauka" yameandikwa kwa ngozi nyingine, na mwanafunzi anayeyakariri hukosa dalili iliyo mbele yake. Vuta mdomo wa chini wa mgonjwa na utazame upande wa ndani. Angalia ufizi, ulimi, upande wa ndani wa kope la chini, viganja na nyayo. Panapotarajiwa wekundu wa waridi, ukiona weupe, damu imepungua au imeondolewa huko. Ukiona rangi ya kijivu au zambarau, oksijeni ni kidogo. Umanjano utafutwe kwenye weupe wa jicho. Fanya hivi penye mwanga wa kutosha, kwa sababu taa za njano za barabarani hudanganya.

Kipimo kingine ni kubonyeza ukucha kwa sekunde chache na kuachia: rangi irudi ndani ya sekunde 2.

Mapigo nipime wapi, na mangapi ni ya kawaida?

Kwa aliye macho, pima kwenye kifundo cha mkono upande wa kidole gumba. Kwa asiye na fahamu, pima shingoni kando ya zoloto, upande mmoja tu. Kwa mtoto mchanga, pima upande wa ndani wa mkono wa juu, kati ya bega na kiwiko. Tumia vidole viwili, si gumba, kwa kuwa gumba lina mapigo yake. Mtu mzima aliyetulia huwa na 60 hadi 100 kwa dakika. Mapigo yasiyo na mpangilio yahesabiwe dakika nzima.

Shambulio la moyo na moyo kusimama ni kitu kimoja?

Shambulio la moyo ni kuziba kwa ateri inayolisha msuli wa moyo wenyewe. Mgonjwa kwa kawaida yu macho, anaumwa na anaogopa. Moyo kusimama ni kukoma kwa usukumaji wa damu; mgonjwa haitiki na hapumui kawaida. La kwanza huweza kuzaa la pili wakati wowote.

Jihadhari na pumzi za kutweta za mwisho, zile ambazo watu huziona na kusema "anakata roho". Hizo si kupumua. Ubongo huanza kudhurika ndani ya dakika 4 hadi 6 bila oksijeni, kwa hiyo bonyeza kifua mara moja, katikati ya kidari, mara 100 hadi 120 kwa dakika, kina cha sentimita 5 hadi 6 kwa mtu mzima, ukikiacha kifua kirudi juu kila mara.

## Ubongo na uti wa mgongo

Nitaelezaje kiwango cha fahamu bila kusema tu "hajitambui"?

Tumia ngazi nne: yu macho, anaitika sauti, anaitika maumivu tu, haitiki kabisa. Ongeza saa. Kauli "saa 2:10 alikuwa anaitika sauti, saa 2:20 anaitika maumivu tu" inamweleza daktari kwamba ubongo unazidi kubanwa, jambo ambalo neno "koma" haliwezi kulieleza. Hospitalini utasikia alama za 3 hadi 15, zinazojumlisha macho, maneno na mwendo wa viungo; 8 au chini yake ni hali mbaya sana. Tazama pia mboni za macho: zilingane, na zisinyae zikimulikwa. Mboni moja iliyopanuka kwa aliyeumia kichwa na asiye na fahamu ni taarifa ya kutolewa kwa simu, si ya kusubiri mlangoni.

Uti wa mgongo ni mfupa au ni neva?

Ni nguzo ya pingili 33: 7 za shingo, 12 za kifua, 5 za kiuno, 5 zilizoungana nyuma ya nyonga na 4 za kifandugu. Ndani ya nguzo hiyo unapita ugwe wa neva. Pingili huweza kuvunjika ugwe ukiwa mzima, na hapo ndipo ubebaji wa haraka kwenye bajaji, miguu ikining'inia nje, unapoweza kumfanya mtu apooze. Neva zinazoendesha kiwambo hutoka juu, shingoni; jeraha la hapo huweza kusimamisha pumzi.

Mtu anayumba na maneno hayaeleweki. Ni pombe, kiharusi au sukari?

Huwezi kuamua kwa kunusa, maana mlevi naye hupata kiharusi. Mwambie atabasamu, ainue mikono yote miwili, na arudie sentensi fupi. Upande mmoja ukilegea, fikiria kiharusi na uulize ni saa ngapi alionekana mzima kwa mara ya mwisho. Kwa kuwa kila nusu ya ubongo huendesha upande wa pili wa mwili, udhaifu wa kulia huashiria tatizo la kushoto. Pima sukari kama una mashine: chini ya milimoli 4 kwa lita huweza kuiga ulevi na kiharusi vyote, na hurekebishika kwa dakika chache.

## Tumbo na mifupa

Viungo gani vya tumbo huvuja sana?

Ini, upande wa kulia chini ya mbavu, na wengu, upande wa kushoto chini ya mbavu. Usukani wa bodaboda uliomchoma dereva ubavuni huweza kupasua wengu huku ngozi ikiwa na mchubuko mdogo. Maumivu kwenye ncha ya bega la kushoto, bega lenyewe likiwa zima, ni dalili ya damu inayokera kiwambo.

Kuteguka, kutenguka na kuvunjika: nitumie neno gani?

Kuteguka ni nyuzi ngumu zinazounganisha mfupa na mfupa kwenye kiungo kuvutika au kuchanika, kutenguka ni mfupa kutoka kwenye nafasi yake, kuvunjika kunajieleza. Bila picha ya eksirei huna hakika, kwa hiyo andika "umevimba, umepinda, hawezi kuusogeza", na upime mapigo na hisia chini ya jeraha kabla na baada ya kufunga gango, yaani kibao cha kushikilia kiungo kisisogee.

## Hali za pekee

Mtoto si mtu mzima mdogo tu?

Kisogo cha mtoto mdogo ni kikubwa, na akilazwa chali shingo hukunjika na kuziba hewa. Kanga iliyokunjwa chini ya mabega hurekebisha. Mbavu zake hupinda bila kuvunjika, hivyo pafu huweza kuumia ndani ya kifua kisicho na mvunjiko. Presha yake hushikilia muda mrefu, kisha hushuka ghafla. Kuhusu damu, tazama swali la kiasi kinachopotea.

Mjamzito nimlazeje?

Baada ya wiki 20 za mimba, akilala chali, mfuko wa uzazi hulalia vena kuu na kupunguza damu inayorudi kwenye moyo. Mlaze ubavu wa kushoto, au ukishuku jeraha la mgongo, inamisha ubao wote kushoto. Damu yake imeongezeka wakati wa mimba, kwa hiyo huchelewa kuonyesha dalili za shoku, ilhali mtoto tumboni ameshapungukiwa.

Mzee ana jeraha kubwa lakini mapigo yake ni 70. Nitulie?

Usitulie. Uliza dawa anazotumia. Baadhi ya dawa za presha na moyo huzuia mapigo yasipande hata damu ikivuja.

Kwenye joto la Dar, nitatofautishaje uchovu wa joto na kiharusi cha joto?

Kwa akili ya mgonjwa. Aliyechoka kwa joto hutoka jasho na kulalamika, lakini anaelewa. Akichanganyikiwa, akapata degedege au kupoteza fahamu, na joto likapita nyuzi 40, kidhibiti joto cha ubongo kimeshindwa. Usisubiri ngozi ikauke: mbeba mizigo wa Kariakoo huweza kuwa na hali hiyo akiwa bado ameloa, hasa kwa vile unyevu wa hewa ya pwani huzuia jasho kukauka na kupoza mwili. Mpoze kwa maji mengi na upepo hapo hapo, kabla ya safari.

Kipimo cha oksijeni cha kidoleni kinasoma asilimia 98 lakini mgonjwa amezimia kwenye chumba chenye jiko la mkaa. Niamini kipi?

Amini chumba. Moshi wa mkaa una kaboni monoksidi, ambayo hujishika kwenye himoglobini, yaani sehemu ya damu inayobeba oksijeni, mahali pa oksijeni yenyewe, na kipimo cha kawaida hakiwezi kutofautisha viwili hivyo. Mtoe nje ikiwa ni salama kwako kuingia, mpe oksijeni nyingi kadiri uliyonayo, na uwatafute wengine waliolala chumba kilekile, kwa kuwa huenda aliyepatikana kwanza ni yule tu aliyekuwa karibu na mlango.